Kabari Katika Joto la Damu

Kiyoyozi cha chumba cha mashine kilikufa Jumanne saa sita mchana. Kilikohoa mara mbili, kikatiririsha maji ukutani, kikanyamaza. Mwanamke aliyeketi mbele ya mashine hakugeuka hata kukitazama. Alibakiwa na vipimo arobaini tu vya kujaza faili, na alitaka avimalize kabla ya kwenda kula.

Pale kazini walimwita Sindano. Si kwa ajili ya ulimi wake, ingawa nao haukuwa butu, bali kwa ajili ya kazi yake. Mashine yake ilikuwa na sindano ndogo mno, kiasi kwamba ukiilaza kando ya unywele, unywele utauona gogo. Kwenye ncha ya sindano hiyo alifunga protini moja. Kwenye kioo kilicholala chini yake alibandika protini nyingine. Sindano ilishuka taratibu, protini mbili zikashikana, kisha ikapanda ikizivuta mpaka ziachiane. Nguvu ya kuziachanisha ilijichora kwenye skrini kama mstari unaozama halafu unaruka. Bonde likiwa fupi, zilikuwa zimegusana tu kwa ncha za vidole. Likiwa refu, zilikuwa zimekumbatiana kama ndugu waliopotezana. Watu wa nyumbani walipomuuliza hiyo nanoteknolojia yake ni kitu gani hasa, aliwajibu, "Navunja uchumba wa vitu visivyoonekana." Wakacheka, wakaacha kuuliza.

Protini alizozipima zilikuwa za damu ya binadamu. Kwa mtu mwenye afya hupishana bila salamu. Kwa mwenye ugonjwa wa mishipa midogo hukamatana, damu ikaganda chembechembe, figo zikaziba moja baada ya nyingine. Kwa miaka kumi na miwili Profesa, mkuu wa maabara ile, alikuwa akitafuta kitu cha kuingia katikati yao, na hatimaye alikipata. Kwenye karatasi kiliitwa dawa namba kumi na saba. Maabarani kila mtu alikiita kabari. Kabari ilijipachika kwenye protini ya kwanza, na ya pili ikifika ilikuta nafasi imeshachukuliwa.

Sindano alikuwa ameipima kabari mara zaidi ya elfu tatu. Bila kabari, mstari ulizama hadi pikonyutoni hamsini, kipimo cha nguvu ndogo isiyo na mfano. Ukiweka kabari, mstari ulinyooka kama uliopigwa rula: hakuna aliyemshika mwenzake. Ripoti ya vipimo hivyo aliitia saini yeye mwenyewe, na ndiyo iliyofungua mlango wa kujaribu dawa kwa wagonjwa.

Kwa hiyo mstari ulipozama, dakika ishirini hivi baada ya kiyoyozi kufa, hakushtuka. "Uchafu," alisema peke yake. Alifuta jasho, akabadilisha kioo. Mstari ukazama tena. Akabadilisha sindano, kazi inayotaka mkono usiotetemeka na pumzi ya kukopa. Mstari ukazama zaidi: pikonyutoni sabini. Akatazama kipimajoto kidogo kilichokuwa kando ya kioo. Kilisoma nyuzi thelathini na mbili. Siku zote kilikuwa kikisoma ishirini na mbili.

Tofauti ilikuwa nyuzi kumi.

Chini ya kioo palikuwa na kipasha joto ambacho hakikuwahi kutumika kwa kabari, kwa sababu joto huifanya sindano iyumbe na vipimo vichelewe. Alikiwasha. Akapandisha polepole mpaka thelathini na saba, joto la damu ya mtu, akangoja sindano itulie. Kisha akapima mara mia. Wastani ukaja pikonyutoni mia moja na arobaini.

Alielewa kabla hajataka kuelewa. Kwenye ubaridi kabari ilikuwa imejikunja, ikikaa kwenye nafasi yake kwa adabu. Kwenye joto la mwili ilikunjua mkono mwingine, na mkono huo ukaikamata protini ya pili. Ilikuwa imekuja kuamua ugomvi, sasa inawafunga wagomvi kamba moja. Mgonjwa akiwekewa dawa hii, damu yake ingeganda karibu mara tatu ya ilivyokuwa ikiganda.

Mgonjwa wa kwanza angewekewa Alhamisi, saa nne asubuhi. Sindano alimjua mgonjwa huyo. Alikuwa mama yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita.

*

Ofisi ya Profesa ilikuwa ghorofa ya tatu. Alikuwa mzee mwembamba mwenye goti bovu, mpole wa sauti, mgumu wa kauli. Alimsikiliza Sindano mpaka mwisho huku akizungusha kalamu, kisha akasema, "Kiyoyozi kimekufa, chumba kimekuwa tanuri, sindano inayumba. Na wewe unaniletea hukumu."

"Nimebadilisha kioo, nimebadilisha na sindano, Profesa."

"Panya sitini wamepona kwa dawa hii. Panya nao wana joto, binti."

"Protini ya panya haifanani sawasawa na yetu. Ule mkono unaweza kuwa hauna pa kushika kwa panya. Kwa mtu pa kushika papo. Vipimo vyetu vyote vya protini ya mtu tulivifanya kwenye ubaridi. Vyote. Mimi ndiye niliyevifanya."

Profesa aliiweka kalamu chini. Alivuta faili la wagonjwa, akalifungua ukurasa wa kwanza, akasoma, akamtazama Sindano juu ya miwani. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya jamaa wa karibu wa mgonjwa. Jina lililoandikwa pale lilikuwa la mwanamke aliyesimama mbele yake.

"Huyu ni nani kwako?"

"Mama yangu mdogo."

"Na hukuniambia."

"Nilimwambia daktari wa wodi. Alisema hakuna kanuni inayokataza, maana mimi sigusi wagonjwa. Lakini wewe sikukwambia. Hilo ni kosa langu."

Profesa aliinuka, akachechemea hadi dirishani. "Sasa nitajuaje unachonieleza kimetoka kwenye mashine au kwenye moyo? Mtu akiogopa sana nyoka, kila kamba ataikwepa. Nikimpigia daktari simu nimwambie sitisha, ataniuliza kwa nini. Nimjibu fundi wangu wa vipimo amepata joto na mama yake mdogo ni mgonjwa?"

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu yalikuwa ya haki. Hata yeye, akipanda ngazi, alikuwa amejiuliza hivyohivyo.

"Basi nipime nikiwa gizani," alisema. "Andaa vichupa wewe mwenyewe. Vingine viwe na kabari, vingine visiwe nayo. Usiniambie kipi ni kipi. Nitapima vyote kwenye nyuzi thelathini na saba, nikupe majibu, ndipo ufungue karatasi yako. Nikikosea hata kimoja, nitanyamaza."

Profesa aliichukua tena kalamu. "Vichupa sita," alisema. "Protini safi ya kutosha nitaipata kesho jioni. Utapima Alhamisi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi."

"Dawa ni saa nne."

"Najua dawa ni saa ngapi. Miaka kumi na miwili, unadhani sijui saa?"

*

Jumatano jioni Sindano alikwenda nyumbani kwa mama yake mdogo. Mama mdogo alikuwa fundi cherehani, mwanamke mfupi mwenye mdomo wa kuwanyamazisha wateja wenye madeni na wasio na madeni. Ugonjwa ulikuwa umemvimbisha miguu na uso, lakini mdomo haukuugusa. Alikuwa akipanga nguo kwenye begi la hospitali.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Njoo unikalie juu ya begi hili, zipu inanigomea. Uzito wako nao uwe na faida siku moja."

Sindano alikaa juu ya begi. Zipu ikafunga. Akabaki amekaa palepale, mikono mapajani, na mama mdogo akamtazama kama anavyotazama pindo lililoshonwa kombo.

"Sema."

"Nataka uombe kuahirisha. Wiki moja tu."

"Kwa nini?"

Akamweleza. Hakutumia maneno makubwa. Alisema tu kwamba ameona kitu, huenda ni kweli, huenda ni joto la chumba, na kesho asubuhi atajua. Mama mdogo alisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika meza.

"Una hakika?"

"Bado."

"Kwa hiyo wataka nivunje ahadi yangu kwa ajili ya huenda." Alikaa kitandani kwa uzito. "Sikiliza. Figo zangu zimebaki na kazi ya mwezi mmoja, miwili. Daktari kaniambia usoni, na nikamshukuru. Nikijitoa kesho, nafasi yangu anapewa mwingine. Umenisikia? Anapewa mwingine. Na mimi nikae hapa ningoje mwanangu amalize kubahatisha."

"Mama mdogo, ikiwa nilichokiona ni kweli, hiyo dawa..."

"Ikiwa. Mtoto wa kwanza kusoma mpaka chuo kikuu katika ukoo huu, na unaniletea ikiwa!" Kisha akasema polepole, "Wewe ndiye uliyenipa habari za dawa hii. Ulikuja hapa unacheka, ukasema nimeipima mwenyewe, mama mdogo, mara elfu tatu. Mimi nikashika neno lako. Sasa njoo ukiwa na hakika. Usipokuja na hakika, njoo na uji."

Sindano alitoka bila kuaga vizuri. Barabarani alitembea hadi kituo kisicho chake, akarudi.

*

Alhamisi saa kumi na mbili kasoro dakika tano vichupa sita vilikuwa vimepangwa kwenye kibao, kila kimoja na namba tu. Profesa aliketi kwenye stuli nyuma kabisa, bahasha iliyofungwa kwa gundi ikiwa mfukoni mwa koti. Alikuwa ameamua kutosema neno, asije akatoa siri kwa sura. Alitazama ukuta.

Sindano zilizofungwa protini zilibaki tatu. Kuandaa nyingine ni kazi ya siku mbili.

Kichupa cha kwanza kilikubali bila matatizo. Kipasha joto kikatulia kwenye thelathini na saba, mstari ukashuka, ukapanda. Hamsini. Hamsini na mbili. Arobaini na tisa. "Hakina kabari," aliandika. Cha pili kikampa mia moja thelathini na nane, mara mia moja mfululizo. "Kina kabari." Saa moja na dakika hamsini zilikuwa zimekwisha katika kupasha, kungoja na kupima, na moyo wake ukaanza kupata nafasi ya kupumua.

Kwenye kichupa cha tatu mstari ulianza kutetemeka. Si mabonde, ni mtetemo tu, kama mtu anaandika ndani ya gari. Sindano alisimamisha mashine. Mtetemo ukakoma, ukaanza tena, ukakoma.

"Lifti," alisema. "Watu wanaingia kazini."

Profesa aliinuka bila kusema kitu, akatoka. Dakika chache baadaye mtetemo ulikoma moja kwa moja. Kutoka kwenye ngazi zilisikika sauti za watu wakilalamika: nani kazima lifti, mimi nina mzigo, mimi nina ujauzito. Sauti ya Profesa, mpole na isiyopinda, ilijibu kwamba lifti itafunguliwa saa nne, na mwenye mzigo auache pale chini, yeye mwenyewe ataulinda. Alikaa huko. Mzee mwenye goti bovu alikaa mlangoni mwa lifti kama bawabu.

Cha tatu: mia moja arobaini na moja. Kina kabari. Cha nne: hamsini. Hakina.

Alipokuwa akikibadilisha kioo ili aweke cha tano, mkono ulimtoroka. Ulitoroka kidogo tu, upana wa punje ya chumvi, lakini ncha ya sindano iligusa ukingo wa kioo na kuvunjika. Alifunga ya pili. Ilikuwa na kasoro tangu mwanzo: ilivuta, haikukamata chochote, hata protini isiyo na kabari. Akaitupa. Sasa ilibaki moja, vichupa viwili, na saa ya ukutani ilisoma saa tatu na dakika tano.

Aliweka mikono yote miwili mezani, viganja chini, akahesabu mpaka ishirini. Akawaza juu ya mama mdogo, ambaye muda huo angekuwa amelala kitandani wodini, muuguzi akimtafutia mshipa. Kisha akajikataza kuwaza. Akaishika sindano ya tatu kwa koleo, akaizamisha mahali pake. Ikakaa.

Kichupa cha tano kilimpa tisini.

Hakikuwa hamsini, hakikuwa mia moja arobaini. Alipima mara hamsini, mashine ikimpa wastani kila baada ya muda: themanini na nane, tisini na moja, tisini. Hakuna kichupa kilichopaswa kuwa hivyo. Ama kina kabari ama hakina. Kama mashine ilikuwa ikiyumba, basi hata vile vinne vya mwanzo havikuwa na maana, na Profesa alikuwa na haki tangu Jumanne. Angeweza kuandika "kina kabari" akabahatisha. Nafasi ya kupatia ilikuwa nusu kwa nusu, na hakuna ambaye angejua.

Lakini alikuwa ameahidi jibu la mashine, si la moyo. Akachambua vipimo kimoja kimoja badala ya wastani. Ndipo alipoona kwamba tisini haikuwepo kabisa. Kulikuwa na mabonde ya hamsini, na kulikuwa na mabonde ya mia moja na arobaini, yakipishana kwa idadi karibu sawa. Wastani ulikuwa umeyachanganya na kutoa uongo wa katikati. Akaandika: "Kina kabari, lakini haba. Haikutosha protini zote."

Cha sita kilikuwa hamsini. Hakina. Saa tatu na dakika thelathini na nane.

Alimwita Profesa. Alikuja akichechemea, akapokea karatasi, akaisoma yote bila kubadilika sura. Akachana bahasha, akaziweka karatasi zote mbili mezani, sambamba. Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari. Kilipofika cha tano kilisimama.

Kwenye karatasi yake mwenyewe alikuwa ameandika: *Namba 5. Kabari, nusu ya kipimo.*

"Hiki nilikiweka kukunasa," alisema. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyeamshwa. "Nilijua anayebahatisha atasema ndiyo au hapana." Akavua miwani. Miaka kumi na miwili ilimpita usoni kwa muda mfupi sana, Sindano akaiona, na hakupenda kuiona. "Mpigie daktari."

Simu ya daktari iliita mpaka ikakata. Wakapiga tena. Wakapiga ya wodi, ilikuwa inatumika.

"Haipokei akiwa na mgonjwa," alisema Sindano, na tayari alikuwa akivua koti.

"Kimbia," alisema Profesa. "Hawatakusikiliza, lakini kimbia, uwacheleweshe. Mimi nakuja na saini."

*

Kati ya maabara na hospitali palikuwa na barabara moja na ua mrefu wa saruji. Sindano aliuvuka akiwa bado amevaa glavu. Wodini alimkuta mama yake mdogo ameegemezwa mito, mkono umenyooshwa, bomba limeshaingia mshipani na kubandikwa plasta. Dawa ilikuwa imening'inizwa, mfuko mdogo wenye maji meupe yasiyo na makosa yoyote machoni. Muuguzi alikuwa na kidole kwenye gurudumu la kufungulia. Daktari, kijana mwenye ndevu zilizochongwa, alikuwa akiangalia saa.

"Msifungue!"

Kila mtu aligeuka. "Dada, toka nje," alisema daktari. "Hapa ni wodi."

"Dawa inagandisha damu kwenye joto la mwili. Tumepima sasa hivi. Profesa yuko njiani."

"Nina hati iliyotiwa saini na Profesa inayosema kinyume. Na saini ya pili," alipekua faili, "ni ya kwako wewe."

"Ndiyo. Na nilikosea."

Daktari alitazama saa, akatazama mfuko, akamtazama mgonjwa. Saa ilikuwa nne kamili. "Siwezi kusimamisha kazi kwa neno la mdomo la jamaa wa mgonjwa," alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua. "Mama, wewe wasemaje? Mwili ni wako."

Mama mdogo hakuwa akimtazama daktari. Alikuwa akimtazama Sindano, na macho yake yalikuwa makavu na makali.

"Umekuja na hakika?" aliuliza.

"Nimekuja nayo."

"Au umekuja na uji?"

"Mama mdogo, nimekuja na hakika."

Mwanamke yule alifumba macho. Machozi yalimtoka, yakamshuka mashavuni, asiyafute kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na bomba na mwingine ameukunja ngumi. "Toeni basi," alisema. "Toeni mkaninyang'anye vizuri."

Muuguzi aliondoa kidole. Profesa aliingia dakika saba baadaye, amelowa jasho, akiuburuta mguu, na karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Daktari aliisoma mara mbili, akaushusha mfuko mwenyewe.

*

Jaribio lilisimamishwa kila mahali siku ileile. Maabara nyingine mbili zilirudia vipimo kwenye joto na zikapata yaleyale. Profesa aliandika barua ya kukiri kosa na kuitoa kwa wote kuisoma. Watu walimshauri alitaje kosa la fundi wake wa vipimo, ambaye ndiye aliyepima kwenye ubaridi. Alikataa. "Saini yake iko chini ya yangu," alisema. "Mvua huanza kunyesha juu ya paa." Sindano aliandika barua yake pia, fupi, akaibandika kwenye mlango wa chumba cha mashine, na haikuwahi kubanduliwa.

Mama mdogo hakumsemesha kwa wiki tano. Hakumkataza kuja, alimwachia mlango wazi, akashona, akampa mgongo. Wiki ya sita figo zilikataa kabisa kazi, akaanza kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Sindano alimsindikiza kila alipoweza. Walikaa kando kwa kando bila maneno, damu ikizunguka kwenye mabomba mbele ya macho yao.

Siku moja, katikati ya ukimya wa namna hiyo, mama mdogo alisema, "Yule aliyekuwa wa pili kwenye orodha. Baada yangu. Unamjua?"

"Hapana."

"Nilimkuta kwenye foleni ya vipimo. Ana watoto wanne, wa mwisho bado ananyonya." Alitazama mabomba. "Wangemwekea siku iliyofuata. Nililala nikiwaza hivyo, jana na juzi. Nimekukasirikia kwa yangu, lakini kwa yake sikuweza."

Sindano alishika mkono wa mama yake mdogo, ule usio na sindano ya mashine, nao ukashikika.

Wanakemia walichukua miezi kumi na mitatu kuukata ule mkono wa pili wa kabari bila kuharibu wa kwanza. Dawa mpya ilipewa namba ishirini na tatu. Sindano aliipima kwenye ubaridi, kwenye joto la damu, na kwenye joto la homa kali, kwenye protini za watu thelathini tofauti, mpaka Profesa akamwambia sasa anaichosha mashine. Mstari ulinyooka kila mara. Hata hivyo, alipoulizwa na mama mdogo kama aingie jaribio jipya, alijibu, "Nilichokipima ni protini mbili kwenye kioo. Wewe ni mtu mzima mzima. Siwezi kukuahidi."

"Sasa hilo ndilo jibu," alisema mama mdogo, akaomba kalamu.

Alikuwa mgonjwa wa nne kuwekewa. Saa moja ya kwanza ilikuwa ndefu kwa wote. Sindano alisimama koridoni, hakuruhusiwa kuingia, akahesabu vigae vya ukutani na kukosea hesabu. Hakuna kilichoganda. Figo hazikufufuka, maana kilichokufa kimekufa, lakini sehemu ndogo iliyokuwa imebaki hai iliacha kuzidi kufa, kisha ikaanza kufanya kazi kidogo. Miezi minane baadaye walimpunguzia kusafishwa damu: siku mbili kwa wiki badala ya tatu.

Siku ya tatu, ile aliyorudishiwa, mama mdogo aliitumia kushona. Gauni la kwanza alilolimaliza lilikuwa la mwanamke mwenye watoto wanne. Alilishona kwa kukadiria, kwa vipimo alivyovishika kwa macho kwenye foleni ya hospitali, na lilipovaliwa lilibana kidogo kiunoni. Akalifumua, akamwita tena mteja, akachukua futi ya kupimia.